Kisu cha mfukoni cha bei ya chini kutoka nje na kile cha mhunzi wetu: kipi kinalipa fedha yake?

#1 Mbebeshaji_Rungwe

Wakuu, habari za jioni.

Ninabebesha (yaani kuunganisha) miche ya parachichi huku Rungwe, na katika kazi hii kisu ndicho kinachoamua kama kikonyo, yaani kijiti kinachounganishwa kwenye mche, kitashika au kitakauka. Kwa muda mrefu nimetumia visu vya kukunja vya bei ya chini vinavyoingia kutoka nje, vile vinavyopangwa juu ya meza pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 5,000 hadi 8,000. Ninacho pia kisu kidogo kisichokunjwa, kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, ambacho nilikinunua kwa shilingi 12,000 pamoja na ala yake ya ngozi.

Dai langu ni kwamba, kwa yeyote anayekata siku nzima, kisu cha mhunzi kinalipa fedha yake na cha kukunja hakilipi. Cha mhunzi hukaa na makali tangu asubuhi hadi wakati wa chakula cha mchana, ilhali cha kukunja huanza kuchana gome badala ya kulikata kabla sijafika katikati ya kitalu. Jirani yangu mwenye kitalu kama changu anashikilia kinyume kabisa, na kila tukikutana tunabishana bila kuelewana. Je, tofauti inatoka kwenye chuma chenyewe, kwenye moto wa mhunzi, au kwenye namna ya kunoa? Naomba wenye uzoefu waeleze.

#2 Mgema_Kilolo

Kamwene. Naunga mkono, na nitaeleza kwa upande wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Kugema ni kuondoa tabaka jembamba sana kwenye ncha ya chipukizi la mwanzi, asubuhi na jioni, msimu mzima wa mvua, ili maji yake yaendelee kudondoka ndani ya mbeta, chombo cha kukingia. Makali yakiwa hafifu, nyuzi za mwanzi hupondeka, jeraha huziba, na chipukizi huacha kutoa kabla ya wakati wake. Sijawahi kumwona mgema mzoefu akiingia mianzini na kisu cha kukunja. Visu vyetu ni vyembamba, vimefuliwa na watu tunaowafahamu, na hunolewa kabla ya kila mzunguko.

#3 Duka_la_Kabwe

Wakuu, mimi ni muuzaji, kwa hiyo mniruhusu nitetee meza yangu. Mleta uzi analinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja. Kisu cha kukunja kina pini, kina springi ya mgongoni au kifungio, na kina mpini wenye nafasi ya kulaza bapa, wakati cha mhunzi ni bapa moja lililochomekwa kwenye mti. Kwa shilingi 6,000 mteja wangu anapata kitu anachoweza kukitia mfukoni na kupanda daladala bila kumjeruhi mtu.

Wateja wangu wengi si wabebeshaji wala wagema. Ni madereva, mafundi umeme, wanafunzi wa vyuo, na akina mama wanaomenya machungwa stendi. Kwao kukaa na makali nusu siku si hoja, kwa sababu hawakati nusu siku. Isitoshe, visu vyangu havishiki kutu. Cha mhunzi ukikisahau kwenye majani usiku mmoja wa Tukuyu, asubuhi unakikuta kimegeuka rangi ya udongo.

#4 Karakana_Mufindi

Asanteni kwa mada. Nafundisha kazi za vyuma, na naomba niweke msingi kabla mabishano hayajaenda mbali.

Uwezo wa chuma cha pua, yaani feleji, kugumuka hutegemea zaidi kaboni iliyomo. Nondo za kawaida za ujenzi zina kaboni kidogo, hivyo hata ukizipasha moto na kuzizimisha hazitoi kisu cha maana. Springi za gari zilizozoeleka, kama zile zinazoitwa 5160 katika orodha ya Marekani au SUP9 katika orodha ya Japani, zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na hizo hugumuka vizuri. Sasa tazameni upande wa pili. Visu vingi vya bei ya chini kutoka China hutengenezwa kwa chuma kinachoitwa 3Cr13, na namba zake husomeka hivi: 3 ya mwanzo ni kaboni ya karibu asilimia 0.3, na 13 ni asilimia ya kromiamu. Kromiamu ndiyo inayokinga kutu, lakini kaboni ni karibu nusu tu ya ile iliyomo kwenye springi, na makali ya chuma hicho hulala mapema.

Hata hivyo, kutoka nje si daraja moja la ubora. Ukikuta kisu cha 8Cr13MoV, kaboni yake imefika karibu asilimia 0.8, na kikiwa kimezimishwa ipasavyo kitakata kwa muda mrefu huku kikivumilia unyevu kuliko springi. Mji wa Yangjiang katika jimbo la Guangdong, unaojulikana kwa visu kuliko miji mingi ya China, hutengeneza vya kila daraja, kuanzia vya bei ya kutupwa hadi vile ambavyo wengi wetu hatutavinunua. Kinachofika mezani Mwanjelwa ni kile ambacho mwagizaji wetu aliamua kukilipia.

#5 Kijana_Soweto

Mwalimu, shikamoo. Changu kimeandikwa 440 ubavuni na nilikinunua kwa 7,000. Nimesikia kwamba hiyo 440 ndiyo ya juu kabisa. Lakini kinanasa kwenye sumaku, jambo linalonitia shaka, kwa sababu nimeambiwa kwamba chuma kisichoshika kutu hakinasi.

#6 Karakana_Mufindi

Marahaba. 440 peke yake haielezi lolote. Ipo 440A yenye kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, ipo 440B ya 0.75 hadi 0.95, na ipo 440C ya 0.95 hadi 1.20, na hiyo ya mwisho ndiyo yenye sifa uliyoisikia. Kwa kisu cha bei hiyo, usiyachukue maandishi ya ubavuni kuwa ushahidi.

Kuhusu sumaku, umeambiwa kinyume. Vijiko na masufuria mengi yanayong'aa hayanasi kwa sababu ndani yake mna nikeli, na chuma cha aina hiyo hakigumuki kwa moto hata ufanye nini. Chuma cha kisu, kiwe kinashika kutu au hakishiki, lazima kinase. Kisiponasa kabisa, mrudishie mwenyewe.

#7 Msafisha_Samaki_Matema

Hodi. Duka_la_Kabwe anasema visu vyake havishiki kutu. Mimi nasafisha samaki hapa Matema, mikono yangu na kisu changu vinashinda majini, na nasema vinashika. Nilikuwa na cha kukunja, cheupe kinachong'aa. Bapa lilibaki jeupe, lakini kutu ilianzia kwenye pini na springi ya ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki, pamoja na magamba na damu iliyoganda humo, hadi kikakataa kufunguka bila koleo. Siku hizi natumia cha mhunzi. Bapa lake ni jeusi na halipendezi, lakini naliosha, nalifuta, nalipaka mafuta ya kupikia, na halina mahali pa kuficha uchafu. Kwa anayeshika chakula, hilo la uchafu ni kubwa kuliko makali.

#8 Duka_la_Kabwe

Dada wa Matema, hapo nakubali kwamba vyuma hivi huchelewa tu kushika kutu. Lakini tone la mafuta ya cherehani kwenye pini kila wiki lingekisaidia kisu chako. Wateja hununua kisu na wakaona kazi imeisha.

#9 Mhunzi_Makete

Salaam kwenu. Nimesoma kwa utulivu, sasa naomba nafasi. Baba yangu alikuwa mhunzi nami ni mhunzi, huku kwenye milima ya Ukinga, ambako wazee wetu pamoja na majirani zetu Wapangwa waliyeyusha chuma na kufua majembe tangu kabla ya ukoloni.

Mwalimu amesema kweli kuhusu kaboni, lakini amelipa chuma sifa nyingi kuliko moto. Wahunzi wawili wanaweza kukata vipande kwenye springi ile ile, mmoja akatoa kisu cha kurithiwa na mwingine akatoa kitu kinachopindia kwenye muhogo. Bapa lisipopata moto wa kutosha haligumuki. Likipata moto uliozidi, chembe zake hukua, na litameguka siku ambayo hukutarajia. Mimi hutumia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu: chuma kikishaacha kunasa, kijana wa mvukuto anaongeza pumzi chache, kisha nakizimisha kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, kamwe si kwenye maji. Nikimaliza, nasugua ubavu hadi ung'ae, nakirudisha kwenye moto mdogo hadi ubavu huo upate rangi ya majani makavu, ndipo nakiacha kipoe. Hatua hiyo ya pili hurukwa na wenye haraka. Kisu kilichorukwa hukata vizuri mno wiki ya kwanza, na hicho ndicho kinachowadanganya wanunuzi.

Mtu atauliza kwa nini hatutengenezi vya kukunja. Tunaweza. Lakini springi ya mgongoni lazima ipigwe tupa hadi ikae sawasawa bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa, na matundu ya pini lazima yatobolewe bila kuyumba hata kidogo, na kazi hiyo hula siku nzima. Nikimtajia mteja shilingi 35,000, ananionyesha cha 5,000 alichokiona mjini na kuondoka.

#10 Kihesa_Iringa

Kamwene, fundi. Naheshimu maelezo yako, lakini mnunuzi hawezi kuuona moto uliopita. Nilinunua sokoni hapa Iringa kisu kilichosifiwa kuwa cha springi, na makali yake yalimeguka kipande kwenye mfupa wa mbuzi. Cha nje cha bei ndogo, kwenye kazi hiyo hiyo, makali yalipinda tu, nikayanoa yakarudi. Kati ya kinachopinda na kinachomeguka, mimi nachagua kinachopinda.

Tena kuna jambo ambalo halijatajwa. Springi ya lori haitolewi ikiwa nzima, hutolewa ikiwa imechoka au imekatika, na chuma kilichopindwa na kunyooshwa kwa miaka kwenye barabara zetu kinaweza kubeba nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Kiwanda hununua chuma kipya kinachofanana, mhunzi hununua chakavu. Kisu chake kizuri kinakipita cha kiwandani, hilo nalikubali bila kinyongo. Ninachokikosa ni uhakika kwamba cha pili nitakachonunua kitafanana na cha kwanza.

#11 Mhunzi_Makete

Ndugu wa Kihesa, mfupa ni kazi ya shoka. Kisu chembamba kikipigishwa mfupa, hata cha Ulaya kitaumia. Kuhusu nyufa umesema sawa, na ndiyo maana mimi hukata mbali na tundu la katikati na mbali na sehemu iliyokatikia, kisha nakiangalia chuma kikiwa chekundu, kwa sababu ufa hujitokeza kama mstari mweusi.

Kwa wanunuzi: chukueni tupa ndogo mwende nayo sokoni, na mwombe ruhusa ya kuipitisha taratibu karibu na makali. Ikiteleza, bapa limegumuka. Ikila chuma kama inavyokula nondo, rudisheni fedha mfukoni.

#12 Duka_la_Kabwe

Mhunzi, akija mteja na tupa mezani kwangu, visu vyote vitakuwa na mikwaruzo kabla ya saa sita. Naomba tupa ziishie Makete.

#13 Tunduma_Mpakani

Mnabishana kuhusu ncha mbili na kusahau katikati. Ipo Okapi, ile yenye mpini wa mbao uliopambwa kwa nyota na mwezi. Ni chuma cha kaboni, kinanoleka hata kwenye jiwe la mtoni, na kina kifungio chenye meno kinacholia kikifunguliwa. Nacho kimebuniwa Afrika Kusini, kwa hiyo kwa hesabu ya SADC ni kisu cha nyumbani.

#14 Mstaafu_Forest

Kijana wangu, Okapi haikubuniwa Afrika Kusini. Ilianza Ujerumani mwaka 1902, katika mji wa visu wa Solingen, ikikusudiwa kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na wakati huo huku kwetu kulikuwa mojawapo. Utengenezaji ulihamia Afrika Kusini mwaka 1988. Kwa hiyo kisu unachokiita cha nyumbani kilibuniwa na wageni kwa ajili ya mifuko ya babu zetu, na ninakitaja kwa heshima kwa sababu kimebaki na umbo lake muda wote huo.

Naona Kihesa_Iringa amegusa penyewe. Kisu maarufu cha bei nafuu hupata jina kwa kufanana na kilichotangulia. Opinel ya Savoie, Ufaransa, ilianza mwaka 1890, na nyongeza kubwa iliyopata baadaye ni ringi ya kufungia bapa, ya mwaka 1955. Ina bapa, mpini wa mti, pini na ringi, basi. Haina springi ya mgongoni. Hapa namwuliza Mhunzi_Makete kwa dhati: kazi inayokulia siku nzima ni springi, sasa kwa nini usifanye cha kukunja kisicho na springi, ukafunga kwa ringi ya bomba?

#15 Ludewa_Kwetu

Mzee umenena. Na mimi nashangaa jambo moja. Pale Liganga, wilayani kwetu Ludewa, kuna akiba ya chuma inayokadiriwa kuwa tani milioni 126, na Mchuchuma kuna makaa ya mawe ya tani milioni 428. Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011 kwa ajili ya miradi hiyo miwili. Nasi bado tunanunua kisu cha kumenyea chungwa kutoka ng'ambo! Wafipa, majirani zetu wa Rukwa, walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu na kuyeyusha chuma bila kusubiri mwekezaji. Visu vyetu ni ghali kwa sababu chuma chetu kimelala ardhini.

#16 Karakana_Mufindi

Uchungu wako naushiriki, lakini sababu hiyo siikubali. Kwanza, chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi, na kukitenganisha kunahitaji mitambo ya gharama kubwa. Pili, kisu hakitengenezwi kutokana na madini, hutengenezwa kutokana na bamba jembamba la chuma chenye kaboni inayojulikana, na kinachokosekana huku kwetu ni bamba hilo kwa rejareja. Japani huagiza karibu madini yake yote ya chuma, na visu vyake vinasifiwa duniani. Mhunzi wa Makete akiweza kununua bamba jipya kwa kilo pale mjini, hoja ya nyufa itakwisha kesho.

#17 Mstaafu_Forest

Naongeza kwamba hapa hapa Mbeya tulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, na Dar es Salaam ilikuwapo UFI ya Ubungo, nayo ya zana za kilimo, iliyojengwa kwa msaada wa China. Majembe yalitoka humo. Kisu cha mfukoni hakikuwa kipaumbele, kwa sababu nchi ilikuwa inahesabu ekari.

#18 Kijana_Soweto

Kuna mtu ananiuzia kipande cha reli, anasema ndicho chuma bora kuliko springi. Je, nikipeleke kwa mhunzi?

#19 Mhunzi_Makete

Usikinunue, na kwangu usikilete. Reli ni mali ya umma, na treni za TAZARA hupita juu yake zikiwa na watu.

#20 Mama_Kinoo_Njombe

Habari zenu. Mmezungumza chuma na moto, lakini hakuna aliyegusa unene nyuma ya makali. Nanoa visu vya wachuma chai, vya wakata maua na vya wenye mabucha hapa Njombe, na naomba mnisikilize.

Kisu cha bei ya chini hutoka kiwandani kikiwa na makali manene, kwa sababu makali manene hayarudishwi dukani kwa kumeguka, na kwa sababu kuyakondesha huongeza muda wa mashine. Mnunuzi anakijaribu kwenye karatasi kinakata, anakipeleka kwenye tawi kinakwama. Anasema chuma ni kibaya. Nikikipata mimi, nakilaza kwenye kinoo kikali cha maji na kuyakondesha mabega yake kwanza, yaani unene ulio nyuma ya makali, ndipo nayajenga makali kwa mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, nikimalizia kwenye msasa laini na mkanda wa ngozi. Visu vingi vya 5,000 vilivyopita mikononi mwangu kwa namna hiyo vimewashangaza wenyewe. Ni kweli vinahitaji kurudiwa mapema, lakini kurudia kwenyewe ni dakika chache, kwa sababu chuma laini hakishindani na kinoo. Cha springi kikishakuwa butu kabisa hunichosha mkono.

Jambo jingine ni jiwe la umeme. Vijana wanaonoa kwa jiwe hilo bila kuchovya kisu kwenye maji hukichoma. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, moto uliowekwa na kiwanda au na mhunzi umekwisha ondoka hapo, na sehemu hiyo haitakaa na makali tena mpaka isagwe yote. Ninaamini visu vingi vilivyohukumiwa kwenye uzi huu, vya nje na vya ndani, viliuawa na jiwe hilo.

#21 Jirani_wa_Kitalu

Mimi ndiye jirani aliyetajwa kwenye #1, na nashukuru kwamba sasa ninaweza kujibu mbele ya mashahidi.

Mwenzangu ameeleza makali, hakueleza dawa. Katika kubebesha, kisu kinaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mimi huchovya kisu kwenye maji yenye dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, kila ninapohama mti mama. Klorini hula chuma cha kaboni haraka sana. Kisu cha mhunzi, ambacho nilikuwa nacho na nilikipenda, kilipata vishimo kwenye makali yenyewe, na vishimo hivyo huacha mkato wenye nyuzi hata kikinolewa. Cha kukunja kisichoshika kutu huvumilia zaidi. Ndiyo, nanoa mara nyingi kuliko yeye. Lakini mche unaokufa kwa ugonjwa siwezi kuurudisha kwa kinoo.

#22 Mgema_Kilolo

Mbebeshaji, mwenzio amekuja na mashahidi na dawa. Tunakusubiri.

#23 Mbebeshaji_Rungwe

Jirani karibu, na asante kwa kuja. Mimi hutumia spiriti badala ya klorini, nayo haili chuma kwa namna hiyo, ila hukauka haraka na ni ghali zaidi. Kwa hiyo inawezekana kwamba tumekuwa tukilinganisha dawa zetu kuliko visu vyetu.

Baada ya kusoma #6 na #11 nilivitoa visu vyote viwili. Vyote vinanasa kwenye sumaku. Tupa iliteleza kwenye cha mhunzi, na kwenye cha kukunja iliuma kidogo lakini si kama kwenye nondo. Nilichokigundua baada ya maelezo ya Mama Kinoo ni umbo: cha mhunzi kimenolewa upande mmoja tu na upande wa pili ni bapa kabisa, ilhali cha kukunja kimenolewa pande mbili. Kwenye kubebesha, upande ulio bapa ndio unaofanya mkato unyooke, ili kikonyo na mche vigusane bila nafasi kati yao. Sasa sijui kama ninachokisifia ni springi, ni moto, au ni ule unoaji wa upande mmoja.

#24 Karakana_Mufindi

Hilo linapimika. Mpe Mama Kinoo cha kukunja akinoe upande mmoja, utumie vyote viwili kwa spiriti hiyo hiyo kwenye miche ya aina moja. Mimi bado naamini kaboni itajionyesha baada ya saa chache.

#25 Mama_Kinoo_Njombe

Nitakinoa bila malipo. Ila kwa chuma laini kiasi hicho, makali ya upande mmoja hukunjikia upande ulio bapa, kwa hiyo uwe na mkanda wa ngozi karibu, na ukipitishe kisu juu yake kila mara badala ya kukimbilia kinoo.

#26 Kihesa_Iringa

Hata kikishinda cha mhunzi, kitakuwa kimeshinda kisu kimoja cha mhunzi mmoja. Nani atakayesema kuhusu vingine vilivyoko sokoni?

#27 Mhunzi_Makete

Mzee wa Forest, swali lako la ringi limenikosesha usingizi. Nimepata bomba la shaba la kipimo kinachokaa vizuri, na mpini nitachonga kwa mti mkavu sana, kwa sababu mti mbichi au unaonyonya unyevu utavimba wakati wa mvua na kulibana bapa lisifunguke. Bapa nitalitoa kwenye msumeno wa mashine wa kukatia chuma, ulio mwembamba kuliko springi. Mwalimu anaweza kuwa na shaka kuhusu msumeno huo, kwa kuwa baadhi yake ina chuma kigumu kwenye meno tu na mgongo wake ni chuma kingine, kwa hiyo nitajaribu kipande kwa kukivunja kwanza.

Bei nafikiri itakuwa shilingi 18,000, na nitakinoa upande mmoja kwa wabebeshaji. Ndugu wa Kihesa, nitatengeneza vitano vinavyofuatana, na wewe utachagua kipi kipelekwe Mufindi kikavunjwe.

#28 Duka_la_Kabwe

Vikifika vitano, naomba viwili viwekwe mezani kwangu, kando ya vile vya 6,000, nione mteja anyooshe mkono wapi.

#29 Karakana_Mufindi

Kileteni. Lakini mhunzi, kama ni msumeno wa ile feleji ya kasi (high-speed steel), mafuta yako na mvukuto wako havitaweza kuugumusha upya ukishaupasha. Usiupashe kabisa: usage polepole huku ukiuchovya majini, utumie ugumu uliokuja nao.

#30 Mhunzi_Makete

Baba alipasha misumeno hiyo na visu vyake bado vinakata. Nitafanya viwili kwa njia yako na vitatu kwa njia yake.